Wanga, Maji na Hukumu

Mshonaji wa mifarishi ya viraka anapotia wanga kwenye kitambaa chake, anafanya jambo ambalo mtu mkali angeweza kuliita hila. Anachukua pamba laini inayovutika kirahisi, anaikausha kwa pasi hadi iwe ngumu, anaikata na kuiunga ikiwa katika hali hiyo isiyo yake, kisha kazi ikiisha anaitumbukiza majini na ugumu wote unaondoka. Atakayejifunika mfarishi huo hatauona wanga, wala hatajua kwamba uliwahi kuwamo. Wanga huohuo umetumiwa kwa vizazi vingi na wauzaji waliotaka kitambaa chepesi kionekane kizito na kitambaa dhaifu kionekane imara. Vitu vinavyotumika ni vilevile: unga, maji na moto. Hata mwisho wake unafanana, kwa kuwa wanga wa fundi na wanga wa mwuzaji wote huishia kwenye maji ya kufulia. Kwa nini basi tendo la kwanza tuliite ufundi na la pili tuliite ghushi?

Swali hili linavuka mipaka ya chumba cha kushonea. Ni sura moja ya swali ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelirudia tangu kale: kubadili mwonekano wa kitu kunakuwa uongo lini? Wapo wanaojibu kwamba kosa limo katika kubadili kwenyewe, na kwamba mwaminifu hukiacha kila kitu kilivyo. Wapo wanaosema nia ndiyo kila kitu: mwenye nia njema hana lawama na mwenye nia mbaya hana utetezi. Ninaamini majibu yote mawili yanapungukiwa. Tofauti kati ya fundi na mlaghai huonekana vizuri zaidi tukitazama mpangilio wa mambo mawili katika wakati, yaani kutoka kwa wanga na kutolewa kwa hukumu. Wanga unaotoka kabla kazi haijahukumiwa ni msaada wa halali. Wanga uliowekwa ili hukumu itolewe kwanza, ndipo utoke, ni udanganyifu. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea hapa, nikianza na kitambaa chenyewe na kumalizia na nafsi ya mwanadamu.

Ili hoja isimame, ni lazima kwanza ijulikane wanga unafanya nini. Kitambaa cha pamba kina nyuzi za namna mbili: mtande, unaokwenda kwa urefu wa jora, na mshindio, unaoukata mtande kwa upana. Ukikivuta kufuata mtande hakisogei sana, na ukikivuta kufuata mshindio kinalegea kidogo tu. Ukikivuta kwa mshazari, yaani kati ya njia hizo mbili, vijiraba vidogo vya nyuzi vinapinda na kitambaa kinarefuka mkononi. Sasa chukua nyota ya pembe nane, mojawapo ya mitindo mikongwe ya mifarishi ya Marekani. Inaundwa kwa vipande vinane vya umbo la almasi, kila kimoja kikiwa na pembe ya digrii 45 katikati, na ncha zote nane zinatakiwa kukutana katika nukta moja. Pembe hizo zikijumlishwa zinatimia digrii 360, bila ziada wala upungufu. Lakini umbo la almasi haliwezi kukatwa kingo zake zote zikifuata nyuzi; angalau kingo mbili za kila kipande huangukia kwenye mshazari. Zikivutika chini ya sindano au pasi, nyota inafura katikati na hakuna tena namna ya kuilaza. Hata palipo na miraba mitupu, hesabu haina huruma: kosa la milimita moja katika kila mshono, mishono ikiwa 24 kwenye safu, linaufanya upande mmoja wa mfarishi uuzidi mwingine kwa sentimita 2.4.

Wanga ndio dawa ya taabu hiyo. Punje zake, ziwe za mahindi, za muhogo au za viazi, haziyeyuki katika maji baridi. Zikipashwa moto hadi kiasi cha nyuzi joto 60 au 70 hunywa maji, hufura na kuwa uji. Uji huo ukipenya ndani ya uzi na kukaushwa, huacha utando mwembamba unaozishikanisha nyuzi zisiteleze, hata ule mshazari ukakataa kuvutika. Fundi makini hunyunyizia wanga, husubiri unywewe, ndipo apige pasi kwa kuikandamiza na kuinyanyua, kwa sababu kuiburura nako kunavuta kitambaa. Kisha hukata, huunga vipande, huweka tabaka la pamba katikati na kitambaa cha nyuma chini, na kushona tabaka zote tatu pamoja. Baada ya hapo anafua. Vifungo vinavyoushikilia wanga kwenye pamba ni vya aina ambayo maji huweza kuvifungua, kwa hiyo utando unaondoka, pamba inarudia ulaini wake na kuruka kidogo, na mishono inabaki. Jambo la kuzingatia ni kwamba fundi huyu anaitaka siku ya maji ifike. Kazi yake yote imepangwa ikielekea huko, na mfarishi usioweza kuivuka siku hiyo yeye mwenyewe atauhesabu kuwa umeharibika.

Sasa tumtazame yule mwingine, yaani mlaghai. Katika kufuma kwa mashine, mtande hauna budi kupakwa uji wa wanga au wa unga ili usikatike kwa kusuguliwa, na hilo halina ubaya wowote. Lakini katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, karne ya 19, hitaji hilo la kiufundi liligeuzwa mlango wa faida. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilikata njia ya pamba nzuri. Viwanda vikalazimika kutumia pamba dhaifu zaidi kutoka India, na uji ukazidishwa. Vita vilipokwisha mazoea yakabaki. Wanga ulichanganywa na udongo mweupe wa kaolini na mafuta ya wanyama, na kitambaa kikauzwa katika masoko ya mbali kikiwa kimebeba mzigo mkubwa usio wa pamba. Malalamiko yalitoka China, ambako majora yalifunguliwa yakiwa yameota ukungu. Madhara yaliwafikia hata wafumaji wenyewe, waliovuta vumbi la udongo huo siku nzima; mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya daktari kuhusu hali hiyo katika mji wa Todmorden. Mnunuzi aliyekishika kitambaa hicho dukani alihisi uzito mikononi mwake, akalipa, akaenda nacho nyumbani, akakifua. Alichobaki nacho kilikuwa wavu.

Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya historia hiyo ya biashara. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Marekani, nguo ya pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya New England, ile iliyoitwa merikani, ilienea kutoka Zanzibar hadi bara kwa njia za misafara, na kwa muda mrefu nguo za Uingereza hazikuweza kuishinda. Sababu yake kubwa ilikuwa uimara. Watu walioitumia nguo kama vazi, kama mahari na kama fedha walijifunza kuipima kwa kuivaa na kuifua mara nyingi, na sifa ya merikani ilijengwa na matokeo ya kipimo hicho. Hapa tunaona kanuni yetu ikifanya kazi kabla mtu yeyote hajaiandika: soko lililosubiri maji lilijua kitambaa kipi ni cha kweli.

Dini nazo zililiona jambo hili, na ushahidi wa kwanza unatoka sokoni Madina. Imepokewa kwa Abu Hurayra, katika mkusanyo wa hadithi wa Imam Muslim, kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipita kwenye rundo la chakula kilichowekwa kuuzwa, akatia mkono ndani na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipouliza, mwenye mali alijibu kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akatamka kwamba anayeghushi si miongoni mwake. Tukio hili linastahili kuchunguzwa kwa makini. Mvua haikuwa kosa la mwuzaji, na chakula kilicholowa si haramu kukiuza. Hakuongeza kitu na hakugeuza kitu. Alichofanya ni kupanga matabaka ili jicho la mnunuzi likutane na kikavu kwanza, na mkono ukutane na kilicholowa baada ya malipo. Wale wanaosema kosa limo katika kubadili vitu wanajibiwa hapa: kumbe mtu anaweza kughushi bila kubadili chochote, kwa kupanga tu nini kijulikane kabla ya hukumu na nini baada yake.

Ushahidi wa pili uko karibu zaidi na wanga. Mtume alikataza kufunga viwele vya ngamia na kondoo kwa siku kadhaa bila kuwakamua ili mnunuzi adhani mnyama ana maziwa mengi. Aliyemnunua mnyama wa namna hiyo alipewa hiari: akiridhika baada ya kumkamua, abaki naye, asiporidhika, amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyachukua. Katika baadhi ya mapokezi hiari hiyo inadumu siku tatu. Kiwele kilichojaa na kitambaa kilichokazwa vina asili moja: vyote vinaonyesha wingi wa leo ambao kesho hautakuwapo. Kinachonivutia zaidi ni aina ya tiba iliyowekwa. Sheria haikuishia kumkemea mwuzaji, wala haikuhitaji kumpasua moyo ili kujua nia yake. Iliisogeza hukumu mbele. Ilimpa mnunuzi siku za kukamua, ili uamuzi utolewe baada ya ukweli kutoka. Kama ubaya wa tendo hili ni kuitanguliza hukumu kabla ya ukweli, basi kuichelewesha hukumu ndiyo tiba inayougusa ubaya huo moja kwa moja, na ndiyo iliyochaguliwa.

Mila nyingine zinaongeza ufafanuzi. Mishna ya Wayahudi, katika sehemu yake ya Bava Metzia, inakataza kuwaremba watu, wanyama au vyombo vinavyouzwa. Lakini Talmudi, ikijadili katazo hilo, inataja marabi walioruhusu kuponda vitambaa vigumu ili viwe laini, kutia mapambo kwenye joho na kupaka rangi vikapu. Mgongano huo unatatuliwa kwa kutofautisha vitu vipya na vikuukuu: kipya chaweza kupendezeshwa, kikuukuu hapana. Tofauti hiyo ina hekima. Kupendezesha kitu kipya ni kukiongezea uzuri ambao mnunuzi anauona na anaulipia. Kupaka rangi kilichochakaa ni kuficha umri ambao utajitokeza wenyewe baadaye, katika mikono isiyolipwa fidia. Naye Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kanisa katika karne ya 13, alifundisha kwamba mwuzaji analazimika kutaja kasoro iliyofichika inayoweza kumdhuru mnunuzi, ila halazimiki kutangaza kasoro inayoonekana, kama ilivyo kwa farasi mwenye jicho moja. Chongo kinajulikana kabla ya malipo. Maradhi ya ndani yanajulikana baada yake. Watu wa imani tatu, katika lugha na zama tofauti, wameuelekeza umakini wao kwenye mpaka uleule.

Hapa mfanyabiashara ana pingamizi la haki. Atasema kwamba kila mtu anajua nguo mpya huja na dondo, yaani ule wanga wa kiwandani. Kanga mpya hukakamaa inapotolewa dukani, na hakuna anayeshangaa inapolainika baada ya kufuliwa. Mnunuzi asiyejua jambo linalojulikana na wote amejidhulumu mwenyewe. Pingamizi hili lina mizizi katika fiqhi ya Kishafii inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Imam Nawawi, katika kitabu chake cha Minhaj, anaitaja hila ya kuyazuia maji ya kinu ili siku ya mauzo yaachiliwe kwa nguvu, na anampa mnunuzi haki ya kurudisha. Lakini mwuzaji aliyepaka wino nguo ya mtumwa ili adhaniwe kuwa ni mwandishi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hamfanyi mnunuzi apate haki hiyo. Biashara ya binadamu ni dhuluma kubwa kuliko wino wowote, na hakuna sababu ya kuupamba mfano huo. Hata hivyo, hoja ya kisheria iliyomo ni ya kweli: doa la wino ni dalili dhaifu, kwa kuwa nguo yoyote yaweza kuchafuka, na mwenye kutaka mwandishi angemwambia aandike.

Ninakubali kwamba ada inahalalisha kiasi fulani cha dondo, na kanuni yangu inaeleza sababu: jambo linalojulikana na wote limekwisha kuingia katika hukumu ya mnunuzi hata kabla hajagusa maji. Anapoishika kanga mpya, akili yake inaondoa ule ugumu na kupima kinachobaki. Lakini ada hulinda kiasi kile tu kinachofahamika. Mnunuzi wa Shanghai hakuwa na ada iliyomfundisha kwamba amebeba udongo wa kaolini kutoka Cornwall, Uingereza. Zaidi ya hayo, ni lazima kutenganisha maswali mawili ambayo pingamizi linayachanganya. Swali la kadhi ni nani abebe hasara. Swali la dhamiri ni nani aliyetenda vibaya. Mnunuzi mzembe anaweza kunyimwa haki ya kurudisha mali, na bado mwuzaji aliyemtegea uzembe huo akabaki na deni mbele ya Mungu.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa ufundi, nalo linamlenga mshonaji mwenyewe. Linasema kwamba ncha nane zilizokutana kwa msaada wa wanga si ushahidi wa mkono stadi; fundi wa kweli angezikutanisha kitambaa kikiwa laini. Hoja hii inachukulia kwamba kinachouzwa au kutolewa zawadi ni ugumu wa kazi. Mwenye kupokea mfarishi anapokea mishono, na mishono ama inashika ama haishiki. Ingekuwa uongo kama wanga ungezishikilia ncha pamoja badala ya uzi, kiasi kwamba baada ya kufuliwa zingeachana. Lakini wanga umewezesha tu mshono kupita mahali pake, na mahali hapo ni pake hata baada ya wanga kwenda zake. Kipimo kinabaki kilekile, nacho ni maji. Aliyefua na kukuta nyota yake imelala sawasawa hana anachomficha mtu yeyote.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, kwa kuwa linatoka kwenye kazi zenye heshima kubwa. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, kijiji cha Wamarekani Weusi wenye asili ya mashamba ya utumwa, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za jinzi na mashati ya shambani, na mistari yao hupinda na kuegemea inakotaka. Mifarishi hiyo ilipoonyeshwa katika Whitney Museum, New York, mwaka 2002, wengi waliona ndani yake ukweli ambao kazi iliyonyooshwa haina. Je, si uaminifu zaidi kukiacha kitambaa kijiseme? Ninaiheshimu kazi hiyo bila shaka yoyote, lakini sikubali kwamba uaminifu ni kuacha kuingilia. Wanawake hao walikata, walichagua, walipanga kiraka cheupe kando ya chekundu. Mstari wao uliopinda ulikuwa uamuzi uliopimwa kwa jicho. Wala hawakuwa mbali na kanuni ninayoitetea. Nguo zao zilikuwa zimevaliwa na kufuliwa kwa miaka mingi kabla ya kuwa viraka. Maji yalikwisha kutoa hukumu yake, na kilichobaki ndicho kilichoshonwa. Fundi wa Gee's Bend na fundi wa nyota ya pembe nane wanatofautiana katika shabaha, si katika ukweli.

Lipo pia swali la mifarishi isiyofuliwa kabisa, ile inayotundikwa ukutani au kupelekwa kwenye mashindano ikiwa bado imekazwa. Hapa kanuni inabana, na ninaona ni vyema ibane. Mfarishi uliotengenezwa ili utazamwe, ukahukumiwa na watazamaji wanaojua kwamba wanga umo, haumdanganyi mtu. Wanga umekuwa sehemu ya kazi, kama rangi ilivyo. Lakini ukiuzwa kama kitu cha kitandani, maji bado yanausubiri, na mwuzaji hana ruhusa ya kuchukua sifa za ukutani na kuzilipisha kitandani. Tena wanga ulioachwa ndani ya kitambaa si kitu kilichotulia. Ni chakula. Huvuta mende na wadudu wengine wadogo, hukaribisha ukungu penye unyevu, na kwa miaka hugeuka rangi, ndiyo maana wanaohifadhi vitambaa hushauri uoshwe kabla ya kuviweka. Msaada uliokataa kuondoka umegeuka madhara, na gharama yake imeachiwa mrithi ambaye hakuwapo wakati wa sifa.

Hata aliyeikubali hoja mpaka hapa anaweza kuuliza kama wanga wenyewe si ishara ya kiburi. Mwaka 1583, Philip Stubbes, mwandishi mwenye msimamo mkali wa dini huko Uingereza, aliushambulia wanga uliosimamisha kola kubwa za enzi yake na kuuhusisha na shetani mwenyewe. Alikosea kuilaumu dutu, kwa kuwa wanga hauna dini. Kola ile haikumdanganya mtu: kila aliyeiona alijua imekazwa. Lawama iliyobaki, ya kutumia nafaka kwa majivuno wakati wengine wana njaa, ni ya haki na inasimama hadi leo kwa kila anasa inayokula chakula. Hata hivyo hiyo ni lawama ya ubadhirifu, na kuichanganya na lawama ya uongo kunadhoofisha zote mbili.

Tukifika hapa tunaweza kuligeukia jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito zaidi, yaani nafsi. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alifundisha katika kitabu chake cha Ihya kwamba mwenye kutaka tabia ya ukarimu ajilazimishe kutoa, arudie tendo hilo kwa taabu, hadi siku moja kutoa kuwe maumbile yake. Aristotle, zaidi ya karne 14 kabla yake, alisema jambo la karibu na hilo: tunakuwa waadilifu kwa kutenda ya uadilifu. Mafundisho haya yanazua tatizo la wazi. Bahili anayetoa sadaka huku moyo wake unamuuma anaonyesha ukarimu ambao hana. Mwenye hasira anayejibu kwa upole anaonyesha utulivu ambao haumo ndani yake. Je, huo si unafiki? Watu wengi waaminifu huogopa swali hili kiasi cha kuacha wema walioanza, wakidhani kwamba ni afadhali kuwa mbaya wa wazi kuliko mwema wa kujilazimisha.

Wanga unatoa jibu. Nidhamu ya nje ni ule ugumu wa muda unaoishikilia nafsi isivutike wakati mshono unapita. Anayejilazimisha kuwa mpole leo anashona kitu, na kitu hicho ni mazoea, ambayo yatabaki siku ambayo juhudi ya kujilazimisha itakuwa imekwisha. Riya, yaani kutenda wema ili kuonekana na watu, ni jambo jingine kabisa, hata kama tendo la nje linafanana. Mwenye riya hataki mshono; anataka bei. Anajikaza mbele ya watu ili wamhukumu akiwa bado mgumu, wampe binti yao, amana yao, kura yao au heshima yao, na lolote litakalotokea baada ya maji si shughuli yake. Mtu anaweza kujipima kwa swali moja: ninatamani siku ya kujaribiwa ije ionyeshe kama nimeshika, au naomba malipo yangu yatangulie? Nia bado ina nafasi yake hapa, lakini sasa ina umbo linaloweza kuchunguzwa, kwa sababu nia inajionyesha katika msimamo wa mtu mbele ya wakati.

Mtu atasema kwamba nafsi haifuliwi, na wengi hufa wakiwa bado wamekazwa, bila yeyote kujua kilichokuwa chini. Siamini kwamba maisha yana upungufu wa maji kiasi hicho. Umaskini wa ghafla, ugonjwa mrefu, madaraka yasiyotarajiwa na uzee vyote hulowesha, na waliotuzunguka huona kilichobaki. Na kwa wenye imani, hukumu ya mwisho imewekwa hasa mahali ambapo wanga wote umekwisha kutoka: Qur'ani inaizungumzia siku ambayo siri zitadhihirishwa, na Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kazi ya kila mtu itajaribiwa kwa moto. Fundisho hilo huhofiwa na wengi kama tishio, ingawa lina faraja kubwa kwa anayejitahidi. Linamwambia kwamba Mungu hamhukumu katikati ya ushonaji.

Kutokana na hayo, wajibu unawaangukia watu watatu. Fundi ana ruhusa ya kukaza kitambaa chake, na nafsi yake, bila haya, mradi kazi yake iwe na nia ya kuvuka maji. Mwuzaji ana wajibu wa kusema kilichomo pale ambapo ada haijasema kwa niaba yake. Na wajibu wa tatu ni wetu sisi tunaohukumu, ambao mara nyingi tunajisahau tunapogawa lawama. Tunawapa watu uongozi baada ya wiki chache za hotuba, tunawasifu kwa uchaji wa mwezi mmoja, na kwa haraka hiyohiyo tunawaita wanafiki wanaoanza safari ya wema kwa kusitasita. Haraka yetu ndiyo inayowapa walaghai soko na kuwavunja moyo wanafunzi. Sheria iliyompa mnunuzi wa ngamia siku za kukamua ilimfundisha pia subira: asilipe kwa moyo wote kabla hajaona, na asikatae kabla hajakamua. Tukiishika subira hiyo hatutahitaji kumshuku kila aliyekazwa. Itatosha kuuliza kama yuko tayari kusubiri pamoja nasi hadi kitambaa kilowe, na anayedai malipo kabla ya hapo atakuwa ametujibu mwenyewe.